Pampu Iliyobaki Rafuni

Ukienda kwa Mwenye Duka kutaka pampu ya mafuta, hakuwa na haja ya kukuuliza gari lako ni la aina gani. Alikutazama mikono kwanza. Ukiwa mikono mitupu, alirudi kwenye kiti chake, akachukua kikombe chake cha kahawa, akakuuliza maiti yuko wapi. Maiti kwake ilikuwa pampu iliyokufa, ile uliyoifungua garini. Kama hukuja nayo hupewi mpya, hata kama hiyo mpya unaiona kwa macho yako kwenye rafu nyuma ya kichwa chake. Uwe wa Kilindoni papo hapo au uwe umetoka Kanga umekalia magunia ya nazi, sheria ilikuwa ile ile. Lete maiti.

Nimekaa na hasira ya maneno hayo mawili kwa miaka mingi. Najua wapo watakaoniambia nimwachie, mzee wa watu, amefanya mema mengi. Mema yake nitayataja, kwa kuwa alikuwa nayo na mimi si mwongo. Lakini kumwachia, hapana.

Duka lenyewe lilikuwa Kilindoni, upande wa kuteremkia bandarini, kati ya duka la vitambaa na duka la nyavu. Wazee wake walitoka wapi sitasimulia, maana mwenyewe hakupenda kuulizwa. Mgeni akimwona rangi yake na nywele zake akamwuliza asili yake Bara Hindi sehemu gani, alijibiwa kwamba asili yake ni mlango huu hapa, na kama anataka spea aseme, kama hataki awapishe wengine. Hapo nilikuwa upande wake.

Juu, kwenye boriti za dari, alizitundika kwa waya zile pampu zote alizoletewa zikiwa zimekufa. Zilining'inia juu ya vichwa vya wateja, nyingine zimeshika kutu, nyingine bado zina vibakuli vyao vya kioo. Hakuandika popote ni za nani. Alizijua kwa uso. Alikaa pale na fimbo yake ya kufungulia dirisha, akawa anakuonyesha moja moja kama anayekuonyesha jamaa zake waliotangulia. Huyu aliuawa na chumvi. Huyu aliuawa na fundi. Huyu hapa aliuawa na mwenyewe, kwa haraka zake. Alishikilia kwamba pampu haifi kwa umri, huuliwa, na muuaji ndiye huyo anayekuja dukani kutaka nyingine. Kwa hiyo kabla hujauziwa ilibidi ukae benchi, umsikilize akiupasua mwili, akinusa, akikung'uta mchanga kwenye gazeti, na mwisho akuambie ulifanya kosa gani. Watu wazima wenye ndevu zao walikaa pale wameinamisha vichwa. Mimi niliona ni kuvunjiana heshima, na nilisema hivyo, ila nilisema nje, barabarani.

Kazi ya kuchagua pampu aliijua, hilo sikatai. Aliziweka ya zamani na mpya juu ya gazeti, ubavu kwa ubavu, akapima urefu wa mkono wa pampu kwa vidole vyake. Akatazama matundu ya bolti yanalingana au yanakaribiana tu, mafuta yanaingilia upande gani na kutokea upande gani. Gari la zamani halina umeme wa kusukuma mafuta. Injini yenyewe ndiyo inayoupiga mkono wa pampu kila inapozunguka, na mkono unavuta mpira wa ndani, na mpira unanyonya petroli kutoka kwenye tanki. Gaskiti, lile bamba la kuziba kati ya pampu na injini, ikiwa nene mno, mkono haufiki sawasawa na gari litakufa njaa kwenye mlima. Ikiwa nyembamba mno, mkono unabanwa mpaka unakatika. Na ule mpira wa ndani ukipasuka, petroli inateremkia kwenye oili kimya kimya, na usiponusa kijiti cha oili utakuja kujua injini imeshakwisha. Yote haya nayajua kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

Alinifundisha kwa namna yake. Baba yangu alikuwa na pikapu ya petroli iliyobeba nazi na watu kati ya Kanga na Kilindoni, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto wa kiume alinifundisha mimi kuendesha, shambani, kati ya minazi. Alipoanza kuumwa miguu akanituma mjini na pampu mbovu ndani ya kikapu. Nilimsalimu Mwenye Duka, shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatazama nyuma yangu barabarani akaniuliza dereva yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akatazama tena barabarani. Damu ilinipanda, nikaitoa ile pampu kikapuni nikaiweka mezani kwa kishindo.

Uani kwake alikuwa na injini nzee imewekwa juu ya magogo, haina gari wala haitakuwa nalo tena. Kila aliyenunua pampu ilibidi aifunge kwanza kwenye injini ile, mbele yake, ndipo aondoke na mali yake. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Nilikaa pale na kanga yangu nimeifunga kiunoni, wanaume wa benchi wamenizunguka, nikauingiza ule mkono nikasikia unagoma. Nikaanza kukaza bolti ili ziuvute kwa nguvu. Akanipiga kofi mkononi. Akaizungusha injini kidogo kwa spana mpaka ule upande mnene wa shafti inayoupiga mkono wa pampu ukageuka ukaniachia nafasi, akaniambia sasa ingiza. Ukaingia wenyewe. Akanionyesha kukaza bolti hii kidogo na ile kidogo, kwa zamu, pampu ikae sawa. Kisha nikaupiga ule mkono mdogo wa nje kwa dole gumba mpaka kibakuli cha kioo kikajaa petroli aliyoitia kwenye kopo. Kucha mbili zilikwenda. Tangu siku hiyo aliniita Dereva, na mbele za watu, na mtu aliyecheka alifukuzwa dukani. Nilitoka pale nimefura kwa fahari, nisiseme uongo. Na pampu ile aliyonipa siku ile ndiyo iliyokaa kwenye gari letu miaka yote iliyofuata. Wewe msomaji lishike hilo, maana litahitajika.

Sasa nije kwenye mambo yake yaliyonishinda. Miaka ile hifadhi ya bahari ilikuwa imeshaanza, na kisiwa kilijaa mashine za boti. Boti za doria, boti za wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe, boti za watu wetu waliopata mashine badala ya tanga. Petroli ikawa inapanda na kushuka kwenye madumu yale yale, leo dumu liko botini linalowa maji ya bahari, kesho liko barabarani linauzwa kwa wenye magari. Chini ya dumu pana maji ya chumvi yametulia. Chumvi ikiingia kwenye pampu inakula vali zake, na hapo ndipo maiti wengi wa darini walipotoka. Mwenye Duka alipiga kelele kuhusu madumu ya boti kila siku aliyojaaliwa na Mungu. Aliwaita wanaonunua petroli hiyo wauaji.

Na aliyekuwa akiuza petroli hiyo ni nani? Ni yeye. Pembeni ya nyumba palikuwa na mlango mdogo, na mlangoni palikaa madumu, na mpwa wake alikuwa akimimina kwa faneli kutwa nzima. Nilimkabili siku moja. Nikamwambia mzee, unauza ugonjwa mlango wa pembeni na unauza dawa mlango wa mbele, na katikati unatutukana. Alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. Akanijibu kwamba petroli ni biashara ya mpwa wake, na kwamba mtu mwenye akili huichuja kwa kitambaa kabla ya kutia. Halafu akakunja uso akaendelea na kahawa yake. Hakuona kitu.

Lakini mtu huyo huyo, ikitokea maiti wa kweli, maiti wa binadamu, anayetakiwa kupelekwa kuzikwa kwao Jimbo au Bweni, alilitoa gari lake mwenyewe na kuliendesha mwenyewe. Hakutaka hata kutajiwa mafuta. Mwezi wa Ramadhani futari yake ilikaa barazani na hakuuliza mtu katoka wapi. Mkewe, mama mmoja mpole aliyependa kuvaa buibui la zamani, ndiye aliyepakua, na kila nilipokuwa mjini magharibi imenikuta alinishika mkono akaniingiza ndani nile na watoto wake. Nilimpenda mama yule. Nimekula uji wake wa pilipili manga mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Gari lake lenyewe nilitaje, maana lilikuwa kichekesho cha mji. Lilikuwa na injini ya ukoo mmoja na pikapu yetu, na lilikuwa kuukuu zaidi. Yeye aliyeuza pampu hakubadilisha pampu yake kamwe. Aliifungua, akaishona, akaipaka, akaikatia mpira mpya kutoka kwenye pampu nyingine iliyokufa, akairudisha. Akiulizwa alisema pampu yake haijafa.

Sheria ya maiti ilikuwa na chanzo chake, na chanzo kilikuwa cha haki. Alinisimulia mwenyewe. Zamani aliwauzia watu bila kuuliza. Akaja bwana mmoja akasema pampu yake imekufa, anataka ya umeme, ameona mwenzake Dar es Salaam anayo. Akamtafutia. Ilikuwa ya gari la kisasa, ina nguvu mno kwa kabureta ya zamani. Yule bwana akaifunga, akawasha, petroli ikafurika kwenye kabureta, ikamwagika juu ya injini ya moto. Gari liliungua pale njia panda ya Kirongwe na yeye akatoka na mkono umebabuka. Mwenye Duka alikwenda kumwangalia hospitali kila siku mpaka alipotoka. Akaapa hatauza tena pampu kabla hajaiona ile iliyokufa. Nilipoisikia hadithi hiyo nilimheshimu.

Ila sheria ikikaa mkononi mwa mtu mmoja muda mrefu, mtu anasahau ilikuwa ya kumsaidia nani. Palikuwa na mwalimu mmoja wa kike Kirongwe, ana gari dogo la urithi. Pampu ilipokufa aliizungushia uzi kuipima, akapiga mafundo kila penye tundu na kila penye kona, akaja na uzi wake na maelezo yake yote kichwani. Mwenye Duka akaukataa uzi. Alimwambia hajawahi kuona maiti amekuja kwa uzi. Mwalimu akageuka, akampigia simu kaka yake Dar es Salaam, akamsomea mafundo, na pampu ikaja na ndege. Ikakaa pale pale, bila kuchonga kitu. Mwenye Duka aliposikia alisema ni bahati. Nilicheka siku hiyo. Sikujua kwamba zamu yangu inakuja na haitakuwa ya kuchekesha.

Mdogo wangu alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Sote tulikaa Kanga, na pikapu ile ndiyo ilikuwa tegemeo la kumpeleka hospitali ya wilaya Kilindoni. Hapo ndipo gari likaanza kukohoa. Linakwenda kidogo, linazima, unapiga mkono wa pampu kibakuli kinajaa nusu, linakwenda tena kidogo. Nikaifungua pampu nikaona vali zimeliwa na mpira una ufa. Nikairudishia kwa uangalifu, ili gari liweze angalau kusogea uani, na asubuhi yake nikapanda lori la nazi kwenda mjini kununua mpya. Sikuichukua ile mbovu kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine iliyo kubwa zaidi: pampu ile aliniuzia yeye. Aliichagua yeye, akaipima kwa vidole vyake, akaniona nikiifunga kwenye injini yake. Gari lile alilijua kuliko alivyowajua wajukuu zake.

Nilimkuta kitini. Nikamsalimu, nikamweleza. Nilimweleza vali, nikamweleza ufa, nikamweleza mdogo wangu. Pampu mpya ilikuwa rafu ya juu, kwenye kiboksi chake kilichofunguka upande mmoja, mkono wake nauona. Ilikuwa moja tu. Akanitazama mikono.

"Maiti yuko wapi, Dereva?"

Nikamwambia yuko kwenye gari, Kanga, na kwamba anaijua pampu ile, aliiuza mwenyewe. Akasema aliyoiuza anaijua, iliyokufa haijui, huenda mtu amebadilisha kitu katikati. Nikamwambia hakuna mtu anayeigusa isipokuwa mimi. Akasema hivyo ndivyo wanavyosema wote. Nikamwambia kwa mara nyingine kwamba mdogo wangu anaweza kushikwa na uchungu saa yoyote. Akasema kwa hiyo nisikae, nikimbie nikailete, na yeye hatamwuzia mwingine. Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayenifanyia hisani. Wale wa benchi walitazama chini. Mmoja akasema mzee, mpe tu, na Mwenye Duka akamwambia siku akiwa na duka lake ampe amtakaye.

Nikasimama pale nikiitazama ile pampu. Ningeweza kupanda juu ya benchi na kuichukua. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi sana. Kisha nikatoka, nikangoja usafiri mpaka alasiri, nikafika Kanga jua limekwisha kutua, mikono mitupu.

Uchungu ulimshika mdogo wangu alfajiri.

Tuliliwekea gari dripu. Ndivyo wanavyosema watu wa magari: unafunga dumu la petroli juu ya paa, unateremsha mpira mwembamba mpaka kwenye kabureta, mafuta yanateremka yenyewe bila pampu. Gari linalompeleka mgonjwa likawa na dripu yake kabla ya mgonjwa. Dumu la pekee tuliloweza kulipata lilikuwa la jirani, dumu la boti. Nilichuja kwa kitambaa, lakini huwezi kuchuja dumu linalorukaruka juu ya paa kwenye barabara ile. Tulizima kabla ya Kirongwe. Nikanyonya mpira kwa mdomo, nikatema maji ya chumvi, tukaenda. Tukazima tena baada ya Kirongwe. Mama yangu alikuwa nyuma amempakata mdogo wangu, na kila gari lilipozima nilimsikia mdogo wangu akiuliza kama tumefika. Mwisho hakuuliza tena.

Mdogo wangu walimwokoa. Mtoto alikuwa wa kiume na hakulia. Mkunga alisema angefika mapema kidogo, kisha akanyamaza, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na aliniona uso.

Watu waliniambia ni kadari. Kadari naijua, nimefunzwa chuo cha Kurani kama walivyofunzwa wao, na sibishani na Mungu. Lakini pampu haikuwa kwa Mungu, ilikuwa kwenye rafu. Aliyeizuia ana jina, ana kiti, na ana kikombe cha kahawa, na mimi sitamtwisha Mwenyezi Mungu mzigo wa mtu aliyekataa kunyanyua mkono wake. Imamu alinisikia nikisema hivyo hakunikemea.

Baada ya msiba kupoa nililipeleka gari mjini kwa dripu ile ile, nikaingia dukani na maiti. Nilimwekea mezani bila salamu, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kumpita mtu mzima bila shikamoo. Hakuipasua. Hakuinusa. Alipanda juu ya kigoda mwenyewe, akateremsha kile kiboksi, akanipa. Nilikwenda nikaifunga barabarani mbele ya duka lake ili anione, na ilikaa bila kubadilisha hata gaskiti. Kila tundu lilikutana na tundu lake. Aliniona. Nikapiga mkono wa pampu, kibakuli kikajaa, nikawasha, nikaondoka. Mkewe alikuwa amekuja Kanga matangani, alilala kwenye mkeka na mama yangu akamlilia yule mtoto kama wake. Yeye mwenyewe hakuja, hakutuma neno, wala siku ile dukani hakusema kitu. Nikaapa sitaingia tena pale.

Na sikuingia. Pampu nyingine niliagiza Dar es Salaam, nikaifunga kwenye kipande cha kanga, nikaiweka chini ya kiti changu. Nilitembea nayo daima, ya akiba, nisije nikasimama mbele ya mtu tena mikono mitupu. Mdogo wangu alijaaliwa watoto wengine, na akikutana na Mwenye Duka mjini anamwamkia, anamwulizia hali. Mimi linanikera mpaka leo. Nilimwuliza anawezaje. Aliniambia amechoka kubeba.

Kwa miaka hiyo mji ulibadilika. Magari mapya yalikuja, pampu zao zimo ndani ya tanki, zinasemeshwa na kompyuta, na hakuna maiti wa kuleta. Benchi likabaki na wazee wawili watatu wanaokuja kupiga soga. Nilikuwa nikipita na pikapu yangu namwona kitini, amekonda, kikombe mkononi, zile pampu zikining'inia juu yake. Nilitaka nifurahi. Nilijaribu.

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa barabarani, asubuhi, baada ya kupita Kirongwe. Nilikuwa nateremka mjini na shehena ya nazi. Nikaliona gari lake limesimama kwenye mikorosho, boneti iko juu, naye ameinamia ndani. Mguu wangu ulikwenda kwenye mafuta, siwezi kuficha. Ndipo nikaona dirisha la nyuma liko wazi na buibui la zamani limeanguka kwenye kiti. Nikafunga breki. Mkewe alikuwa amelala pale. Alikuwa ameteleza shambani kwao, nyonga imevunjika, na tulipojaribu kumnyanyua tumhamishie kwangu alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Juu ya nazi hapandi, na ndani kwangu hawezi kukaa. Akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, fanyeni upesi."

Nikamwamkia mzee, akaitikia. Hakusema pampu imekufa. Hakuwa na haja. Nikaitoa ile ya chini ya kiti, nikaifungua kanga yake, nikamwonyesha. Basi mzee yule, mkewe akiugulia nyuma yake, akachukua spana, akaifungua pampu yake, bolti moja, bolti ya pili, akaitoa ikidondosha petroli, akanigeukia. Akanipa kwa mikono miwili.

"Itazame kwanza," akasema.

Nilidhani ananidhihaki. Kisha nikamwona macho yake, nikajua hanidhihaki, na hilo lilinichoma zaidi. Alidhani nitamdai. Alidhani mimi naye tumekuwa watu wa namna moja.

"Mkeo anaumwa," nikamwambia. "Sitaki maiti yako."

Nikaitwaa mikononi mwake nikaitupa kwenye mikorosho, mbali kadiri nilivyoweza. Nikaizungusha injini kwa spana mpaka shafti ikanipa nafasi, nikauingiza mkono, nikakaza bolti hii kidogo na ile kidogo. Alisimama kando yangu akitaka kusema kitu kuhusu gaskiti, akajizuia. Nikapiga mkono mdogo kwa dole gumba, na sote wawili tukakitazama kibakuli mpaka kikajaa. Nikamwambia awashe. Likawaka.

Nilifunga boneti, nikaenda upande wa dirisha la nyuma kumwambia mama yule asiogope, watakwenda polepole. Nilipogeuka, mzee alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na hajaondoka. Alikuwa akiitazama barabara.

"Siku ile," akasema, "ilikuwa nikupe tu."

"Ilikuwa unipe," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaingiza gia, akaondoka taratibu kuelekea Kilindoni, akiyakwepa mashimo kwa ajili ya mkewe. Nilikaa kidogo kando ya barabara mpaka sikulisikia tena gari lake. Ndipo nikapanda kwenye pikapu yangu nikamfuata, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azikwe, chini ya kiti changu hapakuwa na pampu.